Kifungo Kwenye Tabaga

Kama ulitaka ugomvi na Gaspard, fundi redio wa Koboko, ulimwambia tu kwamba redio yake haishiki. Kofia yake ungeweza kuicheka, kitambi ungeweza kukisema, hata Kongo alikotoka ungeweza kuitania mpaka uchoke wewe, naye angecheka pamoja nawe. Lakini redio! Ilikaa juu ya kabati la kioo kama sultani, waya wake umepanda mpaka juu ya bati, na kila jioni saa kumi na mbili ilimpa Gaspard habari za dunia kwa Kifaransa. Mtaa ule hakuna mwingine aliyekielewa Kifaransa isipokuwa mkewe, Alphonsine, na saa hizo Alphonsine yuko jikoni anapambana na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao.

Kwa hiyo habari zote za dunia zilipita kinywani mwa Gaspard, na kinywa cha Gaspard, tusifichane, kilikuwa na sukari nyingi. Mtu akimletea redio iliyokufa kabisa, hamwambii imekufa. Anamwambia, "Imechoka tu, iache ipumzike hapa." Rafuni mwake zilikuwa zinapumzika redio kumi na moja, na moja kati ya hizo ilikuwa ya marehemu mume wa jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Madinah.

Madinah, au Mama Zubeiri kama alivyoitwa na kila mtu, alikuwa mjane wa Kinubi na mfumaji wa tabaga, zile kawa bapa za ukindu wa rangi za kufunikia chakula. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Mwanzoni mwa mwaka ule wa sabini na moja serikali ilimchukua Zubeiri ikampeleka Amerika, mji wa pwani, akasomee kazi ya kuhifadhi samaki. Watu walisema mengi. Samaki wa mtoni hapo Rhino Camp wana kosa gani hata mtu avuke bahari kwenda kuwasomea wengine? Mama yake akawaacha waseme. Akamfungia kijana sandukuni tabaga ya arusi yake mwenyewe, iliyofumwa na marehemu mama yake, akamwambia, "Huko usile chakula kilicho wazi."

Sasa, jioni moja ya mwezi wa tisa, redio ikasema kuna kimbunga baharini. Ikataja na mji. Gaspard akalisikia lile jina, akavuka barabara na bisibisi mkononi kabla hajafikiri.

"Mama Zubeiri, ile muji ya kijana yako inaitwa nani?"

Madinah akatoa bahasha chini ya mto. Gaspard akasoma muhuri, uso ukamshuka. Siku ile mdomo wake uliitangulia sukari, akasema yote: kuna kimbunga, ni kikubwa, kinaelekea huko huko.

Madinah hakupiga kelele. Alichukua tabaga aliyokuwa ameimaliza juzi, akaiweka mkekani kati yao. Katikati ilikuwa na duara dogo jekundu, na kutoka hapo mizunguko ilitanuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukingoni.

"Hapa kwenye nyekundu ndiyo kwa Zubeiri," akasema. "Nionyeshe hiyo kitu iko wapi."

Gaspard akakuna kichwa. Akapiga hesabu zake, akasema kila mzunguko na uwe safari ya Koboko mpaka Arua na kurudi, basi kimbunga kiko kwenye mzunguko wa saba. Akatafuta cha kuweka pale, asipate. Mwisho akashika kifungo cha tatu cha shati lake, ambacho kilikuwa kinaning'inia tangu Pasaka, akakivuta, akakiweka.

Habari zikaenea mtaani kabla chai haijapoa. Hawah wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye hata msibani hakosi la kuchekesha, akaja kuangalia kifungo. Gaspard alipomweleza kwamba Wamarekani huvipa vimbunga majina ya wanawake, Hawah akapiga makofi.

"Kumbe umepata mkwe, Mama Zubeiri! Jina lake nani?"

Gaspard akalitaja. Madinah akasema jina hilo lisitamkwe tena ndani ya nyumba yake. Tangu siku ile kimbunga kikaitwa Yule Bibi.

"Na Yule Bibi anakimbiaje?" Hawah akauliza.

"Maili tatu kwa saa moja."

Wakaangua kicheko wote, Madinah naye kwa mara ya kwanza. Maili tatu! Hawah akasema yeye na mtungi kichwani angempita Yule Bibi, na angesimama njiani kusalimia watu. Na uwaelewe. Upepo wanaoujua watu wa Koboko ni ule unaoshuka upande wa Dranya: unaanua nguo, hujafika ya pili, na bati la jirani limeshapita juu ya kichwa chako. Upepo mbaya ni wa haraka. Upepo unaotembea kama mgonjwa anayekwenda zahanati, huo ni mzee, hauna meno. Mtaa mzima ulikubaliana hivyo, na Gaspard akakubali pamoja nao, akalala usingizi mzuri.

Jioni ya pili akasogeza kifungo mzunguko mmoja. Jioni ya tatu mwingine. Hawah akauliza kama mkwe ameshavaa viatu.

Jioni ya nne redio ikamleta mtaalamu. Yule bwana akaeleza polepole, kwa sauti ya mwalimu, kwamba watu wasifurahie mwendo mdogo. Kimbunga cha haraka kinapiga na kupita. Hiki cha polepole kinaisukuma bahari siku nyingi, kinairundika ufukweni, halafu kinasimama juu ya mji na kumwaga mvua, maji ya bahari hayana pa kurudi na maji ya mvua hayana pa kwenda. Huo mji, akasema, uko chini sana, karibu usawa wa bahari.

Gaspard akazima redio. Akakaa. Akaiona tena ile furaha yao yote ya mwendo wa mgonjwa, kisha akainuka.

Alipovuka barabara Madinah alikuwa amekwisha kuitandika tabaga. "Haya, Baba Albert," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe kama siku zote. "Mkwe wangu kafika wapi?"

Ilikuwa asogeze mzunguko mzima. Mkono ukasogeza nusu.

"Anachoka," Gaspard akasema. "Redio inasema anachoka sana."

"Maskini," akasema Madinah, na akamwangalia kidogo zaidi ya kawaida. Gaspard hakuliona hilo, maana alikuwa anaangalia kifungo.

Mtu akiisha kusogeza nusu, kesho yake atafanyaje? Hawezi kurudisha. Kila jioni Gaspard akasogeza nusu, na kila jioni redio ikasema mzunguko mzima. Jioni ya nane Yule Bibi wa redioni akaingia mjini mwenyewe, akaketi. Yule wa kwenye tabaga alikuwa bado yuko nje, mizunguko miwili na nusu kutoka kwenye nyekundu, na Gaspard akatangaza kwamba amesimama kabisa.

"Amesimama anangoja nini?" akauliza Hawah. "Hata kukaribishwa hajakaribishwa."

Siku mbili akawa amesimama. Ya tatu Hawah akamkumbusha kila mtu kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gaspard akacheka kwa sauti kubwa mno. Redio ilikuwa imemwambia kwamba maji yamefika kwenye madirisha ya juu, simu zimekatika, na watu ambao hawajulikani walipo ni wengi, idadi haijapatikana.

"Amegeuka," akasema. "Amerudi baharini. Imekwisha, Mama Zubeiri."

Hawah akapiga vigelegele. Madinah akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ndogo. Akampa Gaspard chai kama kawaida yake ya siku zile, yeye mwenyewe hakuigusa yake mpaka muadhini alipoadhini magharibi. Gaspard aliliona hilo jioni ile na nyingine nyingi baadaye, akafikiri ni heshima tu ya wazee. Tena Madinah alikuwa amekonda. Akafikiri ni joto.

"Na kifungo chako?" akamuuliza. "Hutakichukua?"

"Kiache kwanza," akasema Gaspard. Hakuwa na moyo wa kukigusa.

Alphonsine ndiye aliyemkamata. Jikoni si mbali na redio, na sombe si kwamba inaziba masikio.

"Gaspard. Ulimwambia nini yule mama?"

"Nilimwambia kidogo."

"Kidogo ya nini?"

"Kidogo... ya kidogo."

Alphonsine akaweka mwiko chini. "Mutu iko na mtoto mumoja. Wewe unamupa sukari. Siku utamuletea kweli, ataijuaje?"

Gaspard akaanza kusali rozari, yeye ambaye rozari aliiachia wanawake. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu, kijana awe hai, ili ule uongo ugeuke kuwa kweli na yeye asiwe mwongo tena. Sala ya namna hiyo sijui kama inafika mbali, lakini aliisali.

Siku kumi na nane zikapita tangu Yule Bibi alipoingia mjini. Gaspard akapanda lori kwenda Arua kununua betri, na kama ilivyokuwa desturi akapita posta kuwachukulia watu wa mtaa barua zao. Karani akampa kibahasha chembamba. Simu ya maandishi. Jina la Madinah juu yake.

Si adabu kufungua barua ya mtu. Gaspard aliifungua pale pale kwenye ngazi za posta, kwa haraka hata akaichana ukingoni. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno la kwanza alilijua vizuri. Hai. Zubeiri yuko hai! Gaspard akaruka juu, betri zikamtoka mkononi zikabingirika ngazi zote. Askari aliyekuwa akipita akasimama kumwangalia, na kwa siku zile kuangaliwa na askari si jambo la kutamani, lakini Gaspard alimpa mkono kwa nguvu na kumwambia, "Iko hai, afande!" Askari akaenda zake.

Safari nzima, juu ya magunia, akaimba. Walipokaribia Koboko akaitoa tena ile karatasi aisome vizuri, na hapo ndipo alipoyatia maanani maneno mengine. Wimbo ukaishia hapo. Tabaga imekwenda na maji. Ile tabaga ya marehemu mama yake! Mama wa watu, baada ya yote haya, leo aambiwe tabaga ya arusi yake imeliwa na bahari? Kwa nini leo? Kesho si ipo? Na kijana mwenyewe mbona ameandika kikavu hivyo, hata salamu hakuna?

Sukari ikaanza kumjaa mdomoni.

Alimkuta Madinah mkekani kando ya barabara, anafuma. Hawah alikuwa anamsaidia kupasua ukindu. Gaspard akasimama mbele yao kama padri, karatasi mkononi.

"Mama Zubeiri! Simu imetoka kwa kijana! Anasema hivi: Mama yangu mpenzi, mimi mzima kabisa, maji haikufika kwangu, chakula iko mingi, masomo inaendelea vizuri, tabaga iko kwa ukuta kila mutu anaisifu, salimia Hawah, salimia Baba Albert na Mama Albert, salimia muzee wa msikiti, salimia majirani yote, mwana wako Zubeiri."

Hawah alikuwa amekwisha kufungua kinywa kwa vigelegele. Lakini Madinah aliiweka sindano chini, akanyoosha mkono.

"Lete."

Akaishika karatasi. Kusoma hakujua. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akakihamisha, akakihamisha tena, kama anavyohesabu mishono.

"Maneno sita," akasema.

Gaspard akanyoosha mkono arudishiwe karatasi.

"Maneno sita, Gaspard." Hakusema Baba Albert. "Wewe umenisomea hotuba. Zubeiri tangu utoto ni mvivu wa maneno, hata njaa alikuwa anaionyesha kwa kidole. Leo amesalimia mpaka mzee wa msikiti?"

"Mama Zubeiri..."

"Mimi nafuma tangu nina miaka saba. Unafikiri sijui kuhesabu mizunguko? Ulisema maili tatu kwa saa. Siku tatu za kwanza ukasogeza hivyo. Ya nne ukaanza nusu. Nikasema, kimekuwa kibaya, Gaspard anakizuia kwa mkono. Siku ya nane nilijua kimefika kwa mtoto wangu. Nikaanza kufunga. Nimefunga mpaka leo." Sauti yake ilikuwa shwari, na hilo ndilo lililomtisha Gaspard. "Nilikuacha kwa sababu niliona unaumia. Lakini sasa nimekujua. Habari ikiwa nzuri unaileta kama ilivyo. Ukitia sukari, ni chungu. Na leo umetia gunia zima."

Akaikunja karatasi.

"Niambie wamemzika wapi."

Hawah akashika kichwa. Gaspard akapiga magoti barabarani mchana kweupe. "Iko hai! Naapa kwa Maria, naapa kwa mtoto yangu Albert, iko hai, mama, neno ya kwanza ni hai!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa ameibeba kweli kutoka Arua, kweli tupu, kweli tamu, na haikumfaa kitu. Kadiri alivyoapa ndivyo Madinah alivyozidi kutikisa kichwa, na ule uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha fiwa.

"Candiru," akasema Madinah, akainuka.

Candiru alikuwa muuguzi wa zahanati, na kila mtu alimjua kwa jambo moja: hakuwa na uwezo wa kumbembeleza mtu. Mume wa Hawah aliambiwa mguu utakatwa kabla hajapata pa kukaa. Watu walimwogopa kuliko sindano zake. Madinah akaenda kwake moja kwa moja, mtandio umemteleza mabegani, Hawah nyuma yake, na Gaspard nyuma kabisa, shati wazi kifuani.

Candiru akapokea karatasi, akaisoma kama anavyosoma kipimo cha homa.

"Hai. Vyote vimepotea. Tabaga pia. Samehe." Akarudisha. "Basi. Hakuna kingine."

"Soma tena," akasema Madinah.

"Nimesoma. Mtoto wako yuko hai, tabaga yako imepotea. Haya, mgonjwa mwingine nani?"

Madinah akakaa chini, pale pale sakafuni, katikati ya wagonjwa. "Tabaga pia," akasema. Akarudia, "Tabaga pia!" na akaanza kucheka, akicheka analia, analia anacheka, mpaka Candiru akasema kama ni malaria ajiunge na foleni. "Tabaga imekwenda, Hawah! Gaspard hawezi kutunga hilo. Mwanangu yuko hai, tabaga imekwenda!" Habari mbaya hiyo, ambayo Gaspard alitaka kumficha, ndiyo aliyoikumbatia.

Gaspard alikuwa ameegemea mlango. Alifurahi, na aliona haya, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Mtu hajawahi kuona haya hivyo kwa habari njema.

Jioni ile Madinah akamwita. Alikuwa ameiweka tabaga mkekani, ile yenye mizunguko na kifungo.

"Weka mahali pake."

Gaspard akakichukua kifungo chake, kutoka mzunguko wa pili na nusu, akakisogeza mpaka kwenye nyekundu. Madinah akakishona pale pale, kwa uzi mweusi, mara nne, akakata kwa meno.

"Na shati yangu?" Gaspard akanong'ona.

"Litakaa wazi. Alphonsine amekubali."

Muadhini akaadhini. Madinah akanywa chai yake. Kisha akaleta kisra, ile mikate myembamba ya Kinubi, na mchuzi, akavifunika kwa tabaga ile, akamsogezea Gaspard, na Gaspard akaketi pale kifungo chake kinamtazama usoni. Alipoinyoosha mikono kufunua, Madinah akaweka kiganja juu.

"Baba Albert, nataka kukuuliza. Ile redio ya marehemu mume wangu, iliyoko kwako. Bado inapumzika?"

Gaspard akafungua kinywa. Maneno yalikuwa yamekwisha kupanga mstari, matamu, tayari kutoka. Akakiangalia kifungo.

"Imekufa, Mama Zubeiri."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoileta."

Madinah akaondoa kiganja.

"Haya," akasema. "Kula."